Seli Zangu na Kabichi ya Zambarau

Jumatatu, 4 Mei
Profesa katangaza: wa kwenda kusoma matokeo mkutanoni ni mmoja tu. Tuko wawili. Mimi, na Mizani, dada wa meza ya dirishani anayepima hata sukari ya chai. Kazi yenyewe: seli tunazitilia peroksaidi, dawa ile ya saluni inayopausha nywele. Zinaanza kuliwa kama bati linavyoliwa na kutu. Je, antioksidanti, viini vya vyakula vinavyozuia kutu hiyo, zitaziokoa? Mizani kachagua zabibu. Mimi kabichi ya zambarau. Safari ni yangu!

Jumanne, 5 Mei
Nimesaga kabichi kwa blenda ya nyumbani. Mke wangu kaulizia blenda. Nikajifanya kiziwi. Seli nimezipa tone moja la kabichi, kisha peroksaidi.

Jumatano, 6 Mei
Ziko hai! Nono, zimeng'ang'ania kisahani. Zisizopata kabichi zimejikunja, zinaelea. Lakini za Mizani nazo hai. Sawa na zangu! Roho imeniuma. Nikamdokeza kuhusu kuzidisha dozi. Akasema nisithubutu, alishajaribu: ukipitiliza, kilekile kinachookoa kinageuka kuchoma. Ahaa! Anataka nibaki chini. Sidanganyiki mimi.

Alhamisi, 7 Mei
Nimechemsha maji ya kabichi mpaka yakawa mazito kama rangi ya viatu. Maabara inanuka. Profesa kauliza nani kaoza humu. Nikamtazama Mizani. Kisha nikamimina. Visahani vyote. Sikubakiza hata kimoja!

Ijumaa, 8 Mei
Zimekufa zote. Hata zile ambazo hazijawahi kuonja peroksaidi! Profesa kainamia hadubini. Halafu: "Hizi hazikufa kwa sumu, mwanangu. Zimekufa kwa kuokolewa." Safari kapewa Mizani. Nikajifungia stoo, machozi yakanilengalenga. Nilipotoka, Mizani alikuwa ananisubiri na kisahani cha seli zake. Akasema nianze upya, ila kwa tone, tafadhali, kwa tone. Nikapokea shingo upande.

Jumapili, 10 Mei
Nimewaza kutwa nzima. Kosa nimeliona, na si langu. Kabichi ilielemewa, ilikuwa peke yake! Kesho seli za Mizani zinapata kabichi, karoti na nyanya kwa mpigo, nitachemsha mpaka kijiko kisimame. Eti tone! Mtu anazama, wewe unamrushia uzi?