Suti ya Bwana Kipimo

Udaktari Bwana Kipimo hakuusomea hata siku moja, lakini benchi la nje ya kliniki ya saratani lilimjua kuliko madaktari wote. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na kiboksi chenye taa mbili, kijani na nyekundu. Akikigusisha shingoni mwa mgonjwa, taa inasema kama dawa itamkubali au la. Swichi ilikuwa chini ya kidole gumba chake, nacho kidole hicho hakikupenda kujulikana.

Asubuhi hiyo macho yake yalitua kwa fundi nguo mmoja, mzee aliyekonda, mwenye saratani ya umio iliyokwisha kutambaa hadi kwenye ini. Hata maji yalimpita kwa shida. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Mpwa wake alikuwa ameshika simu.

"Mama, wamekwambiaje huko ndani?"

"Mizunguko miwili ya dawa kwanza, ndipo wapige picha. Hawaahidi kitu. Miezi miwili hiyo, daktari, nitalala vipi mimi?"

"Wao wanangoja, mama. Sisi tunapima."

Kiboksi shingoni. Kijani! Mama wa watu akabubujikwa na machozi.

"Mume wangu atakushonea suti, wallahi!"

Mumewe, ambaye hakuwa na sauti ya kubishana, alimtazama tu Bwana Kipimo, mabega, kiuno, miguu.

Mpwa akamfuata hadi nyuma ya ukuta. "Kaka, nipe ukweli. Duka lile la mjomba nalisubiri mimi."

"Mbele ya mke wa mtu tunasema la kufariji. Jibu lenyewe kiboksi kimelitunza." Nyekundu.

"Basi nitakuletea kitambaa cha sufu, hujapata kukiona!"

Tusimlaumu haraka. Mtu akitabiri yote mawili, moja halikosi kutimia, na huo nao ni uaminifu wa aina yake. Kawaida, kabla picha ya mgonjwa haijatoka, Bwana Kipimo huwa ameshahamia kliniki nyingine. Lakini suti jamani, tena bure kuanzia uzi hadi kitambaa! Tamaa mbele, mauti nyuma. Akabaki.

Miezi miwili ilipokaribia kwisha, alipeleka kitambaa cha mpwa dukani; fundi alikikunjua, akaona pembeni alama ya chaki aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Kitambaa kilitoka kwenye rafu yake. Akameza mate kwa taabu, akakikunja tena.

"Njoo ujaribu Ijumaa saa nane," alisema kwa sauti ya kukwaruza. Majibu ya picha yalikuwa Ijumaa hiyohiyo, saa nne.

Ijumaa Bwana Kipimo akavua nguo zake nyuma ya pazia, akavishwa koti la mkono mmoja lililojaa pini. Suruali ya suti ilikuwa bado. Ile aliyokuja nayo, mke wa fundi aliikunja kwa heshima, akaifungia kabatini.

Pazia likafunguliwa. Mpwa alikuwa amesimama pale, ameitwa.

"Mke wangu, huyu alikwambia nini?"

"Dawa itakubali."

"Na wewe, mpwa wangu?"

Kijana akatazama sakafu. "Haitakubali, mjomba."

"Na kitambaa hiki ni cha nani?"

Mpwa akautafuta mlango, akaupata.

Bwana Kipimo alibaki na miguu yake mitupu. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka kweli kujua jibu. "Mzee, picha imesemaje?"

Fundi alimega kipande cha mkate, akatafuna muda mrefu, akameza. Mkewe alimwekea kiganja shingoni, akakifuata kipande kikishuka. Hakikurudi. Mama akacheka na kulia kwa pamoja.

"Uvimbe umepungua," fundi alisema. "Haujaisha. Tunaendelea na dawa, na mpaka lini, hata wao hawajui. Mimi nami simwambii mteja nguo imemkaa kabla hajaivaa."

"Hongera sana, mzee wangu! Nimefurahi, haki ya Mungu. Sasa, naomba suruali yangu."

Fundi akauzungusha ufunguo wa kabati kidoleni.

"Suruali itarudi au haitarudi? Si wewe mtabiri? Toa kiboksi, tupime."

Bwana Kipimo akajipapasa. Kiboksi kilikuwa kwenye mfuko wa suruali.