Mkia Ambao Mzee Aliuona Kimulot

Aibu niliyopata leo, naomba niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni.

Nimeenda Kimulot kumwona shangazi. Tukinywa chai akaniambia, "Wambui, usizurure. Juzi ndovu walitoka msituni wakamaliza mahindi ya jirani." Nikaitikia kwa adabu. Halafu nikatoka kuzurura.

Kosa ni la ule mchezo wa simu. Unakuonyesha kisanduku kwenye ramani, unaenda mahali hapo kwa miguu, unafanya unachoambiwa, unapewa bando la intaneti. Kisanduku cha leo kilikuwa kwenye kibanda cha kupimia majani chai. Masharti: kimbia mpaka hapo bila kusimama.

(Mimi nina saluni Boito. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa shule ya msingi.)

Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni mbele. Kijia chembamba, majani chai huku na huku, kimya. Nikaweka simu mfukoni, nikainua sketi, nikatoka mbio.

Sijafika mbali nikasikia nyuma yangu, "Woooi!"

Nikageuka. Akina mama wanne wachuma chai wanatoka kwenye ukungu, wanatupa vikapu, wanakuja mbio upande wangu. Mmoja amemshika mwenzake kwa leso. Hakuna anayesema ni nini.

Ngai, Mungu wangu! Nikajua wameona kitu. Na kitu hicho kiko nyuma yetu.

Hapo ndipo nilipokimbia kweli. Kiatu kikabaki matopeni, sikukiaga. Nilisikia kitu kikipumua karibu na sikio langu (ni mimi). Nikamwona mtoto wangu akilelewa na mama wa kambo.

Tukaingia kibandani wote kama mzigo mmoja. Karani wa kupima majani alipoona nyuso zetu hakuuliza. Alifunga mlango, akasukumia gunia, akaingia chini ya meza.

"Ni ndovu," mama mmoja akanong'ona.

"Ni chui. Nimemsikia akikohoa," akasema mwingine.

Kulikuwa na mzee pembeni na rungu lake, tuliyemkuta ndani. Akasema polepole, "Mimi nimeona mkia."

Mkia! Nikashika mkono wa mtu nisiyemjua. Mama Chela, ndiye mkubwa wao, akasema tuombe. Tukainamisha vichwa. Mtu analia. Bati linalia kwa upepo. "Baba, utukinge na yule mnyama..."

Mtandao wa Kimulot huja ukitaka. Ulichagua kuja hapo.

Tarumbeta mfukoni mwangu! Kisha sauti ya msichana mwenye furaha: "Hongera, shujaa! Umekimbia bila kusimama! Kisanduku ni chako!"

Amina haikusemwa.

Karani akatoa kichwa chini ya meza. "Shujaa ni nani?"

Mama Chela alinitazama. "Wewe, ulikuwa unakimbia nini?"

"Mchezo, mama. Wa simu."

"Na mnyama?"

"Si nyinyi ndio mmemwona? Nimekimbia kwa sababu mlikuwa mnakimbia!"

"Sisi tumekimbia kwa sababu wewe ulikuwa unakimbia!"

Halafu wote, polepole, tukamgeukia mzee wa mkia. Akaanza kuchunguza rungu lake kama amelinunua leo.

Nilidhani watanipiga. Mama Chela alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia. Nikapumua. Ndipo akakumbuka vikapu. Majani yao yote yalikuwa yamemwagika matopeni, na lori la kiwanda lilikuwa njiani.

"Shujaa," akaniambia, "inama."

Nimeokota majani nikiwa na kiatu kimoja, jani kwa jani, akina mama wamesimama juu yangu wakitumia bando langu jipya kwa hotspot. Kila nikitaka kupumzika mmoja anauliza, "Si mchezo ulisema bila kusimama?"

Sasa nimelala kifudifudi, mgongo umekataa kunyooka. Mtakaocheka, chekeni mbali. Na mkiona mtu anakimbia Kimulot, muulizeni kwanza.