Propela Yangu na Maji ya Baraka

Ijumaa, 1 Machi

Siku ya samaki. Nimekula vipande vinne kwenye ukumbi wa parokia, Kwaresima isije ikanikondesha. Kazini, bosi wetu Bi Marlys ametangaza: Jumanne magari mawili yanagongeshwa ukutani, moja na propela yangu, jingine na ya fundi mwenzangu, Verlon. Propela itakayojikunja vizuri inaingia kwenye pikapu mpya. Mwenye kushindwa anarudi kufagia karakana. Propela ndiyo bomba refu lile chini ya gari, linalozungusha magurudumu ya nyuma; gari likigonga, nusu moja lazima iteleze ndani ya nyingine, la sivyo linamchoma dereva kama mkuki. Yangu inateleza kama siagi. Verlon anasema siagi ya jana. Mbaptisti yule ana mdomo.

Jumapili, 3 Machi

Nimepata hila isiyo dhambi. Propela nimeipeleka kanisani, imevikwa koti la mke wangu, Lorraine. Mzee wa mlangoni akaniuliza kama mama anaumwa. Padri Zygmunt ameibariki kwa matone matatu. Matatu, kwa chuma cha urefu ule! Alipotoka nikamalizia mwenyewe, chupa nzima ya maji ya baraka, palepale kwenye kiungo kinachoteleza. Grisi ilikuwa inazuia. Nikaifuta kwanza, baraka ipenye.

Jumanne, 5 Machi

Ya Verlon imejikunja kama soksi. Yangu haikusogea hata unywele. Imetoboa sakafu, imetoboa kiti, imemwinua Stan, sanamu yetu ya majaribio, hadi kichwa kikatokeza paani. Bi Marlys akachungulia ndani ya bomba, akauliza, Kaz, kutu hii imetoka wapi? Nikasema ni mapenzi ya Mungu. Akasema Mungu hana ufunguo wa karakana hii.

Jumatano, 6 Machi

Nafagia. Verlon amepita na kahawa yake, nikamweleza yote, maana moyo wangu haujui kufunga mlango. Alicheka hadi akakalia ndoo. Akasema, "Shida yenu Wakatoliki, kaka, ninyi mnanyunyiza tu. Sisi tunazamisha mwili mzima."

Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Kwa Mbaptisti, ana akili. Bi Marlys amenipa jaribio moja la mwisho baada ya Pasaka. Nimepitia parokiani jioni. Kisima cha ubatizo kinatosha propela nzima. Nimekipima kwa mpini wa ufagio.