Kifo cha Nduna wa Kijiji Pepe

Jumatatu, 6 Septemba 2004

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa mapenzi ya mama yako: fumba mdomo. Usimsomee mtu. Usilisome kwa sauti hata ukiwa peke yako, kuta za mtaa wetu wa Matarawe ni nyembamba. Ukishindwa kabisa, lichome, na majivu usiyamwage karibu na kanisa.

Mimi ni Otto, karani wa kampuni inayonunua tumbaku ya Namtumbo. Nimesoma hadi kidato cha sita. Sijawahi kugombana na mtu. Bibi Notburga, bosi wetu, akikohoa tu, mimi husimama.

Lakini nina siri. Kwenye kompyuta za kulipia za rafiki yangu Muhsini, karibu na stendi, kuna mchezo uitwao Kijiji Pepe. Kila anayeingia hupewa nyumba, mwili, na jina la kujichagulia. Tunaonana humo, tunatembeleana, tunazungumza kwa maandishi. Humo siitwi Otto. Humo ni Nduna, jemadari wa Kingoni! Nina mkuki, ng'ombe na mabega mapana. Nikikohoa, wengine ndio wanaosimama. Na nina mke, Zuhura, ambaye sijawahi kumwona ila kwa sura ya katuni yenye khanga nyekundu. Anasema yuko Tunduru. Tulioana Kwaresima. Mungu anisamehe.

Leo nimejiponza. Nilikuwa kwa kina Lidwina, mchumba wangu wa kweli, mwalimu wa chekechea. Barua ya posa imeshakubaliwa, wazee wanakutana Jumapili kupanga mahari. Lidwina akanimiminia chai. Nikamwambia: asante, Zuhura.

Akaweka birika mezani. Akauliza Zuhura ni nani. Nikasema ni aina ya majani ya chai. Akainua pakiti, akanisomea jina lake herufi kwa herufi, kama anavyowasomea watoto wake.

Nimeamua. Nduna lazima afe kabla ya Jumapili.

Jumanne, 7 Septemba

Nimemwendea Muhsini kwa ushauri. Yeye Myao wa Tunduru, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani na hatuna kuheshimiana. Akasema mbona rahisi, mpe mwanamke talaka, kitufe chake hiki hapa. Nikamweleza kwamba mimi ni Mkatoliki, sisi hatuna kitufe hicho. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema mababu zenu walitutisha nchi nzima kwa mikuki, leo mjukuu wao anamkimbia mwanamke wa kuchorwa! Haya, kufa basi, akasema, lakini ukifa mimi mtani wako nataka kuku wangu.

Nimetafakari aina ya kifo. Kuumwa tumbo hakuna hadhi. Malaria ni ya kila mtu. Simba! Nikiwalinda ng'ombe. Nimeanza kuona fahari mapema.

Egidi, karani mwenzangu, aliniuliza nacheka nini. Huyu naye yumo Kijiji Pepe, anajiita Mganga Mkuu. Amejichagulia ndevu ambazo usoni pake zimegoma. Haishi kumwendea Zuhura kuomba chumvi. Chumvi ya nini? Humo hakuna anayekula!

Jumatano, 8 Septemba

Nimekufa nusu. Simba alikuwa amenishika mguu tu, umeme ukakatika Songea nzima. Muhsini akasema hawashi jenereta kwa ajili ya maiti. Nimerudi nyumbani nikichechemea. Sijui kwa nini nilichechemea.

Alhamisi, 9 Septemba

Umeme umerudi, nimekufa kikamilifu saa ya chakula cha mchana. Tangazo niliandika mwenyewe kwa jina la jirani: shujaa, mpole kwa wanyonge, ametutoka. Kijiji kizima kikaja kuzika. Sikutegemea! Zuhura akaandika, herufi zikija moja moja: mume wangu hakuwahi kunifokea. Kila siku aliniuliza nimeshindaje, na alisubiri jibu.

Nikalia. Mimi maiti, nikalia pale kwenye kiti, mpaka mama mmoja aliyekuwa akimwandikia mwanawe aliyeko Muskati akanipa leso. Egidi hakutoa chozi hata la kuchora. Alisimama karibu mno na mjane.

Nilitoka mbio, nikasahau sweta. Nimerudi kazini nimechelewa, macho mekundu. Bibi Notburga akauliza kama nimefiwa. Aliuliza kwa ukali. Nikasema ndiyo, mama. Umefiwa na nani? Nikasema na ndugu yangu, Nduna. Akavua miwani. Akasema: pole, mwanangu.

Hajawahi kuniita mwanangu. Baada ya hapo ukweli ungepitia wapi?

Jumamosi, 11 Septemba

Aibu! Bibi Notburga ameileta ofisi nzima nyumbani kuhani msiba. Unga, kuni, wanawake wamejifunga khanga viunoni, wameanza kulia tangu njia panda. Mama alikuwa anaanika mihogo. Mama yangu ni mtu wa adabu: watu wakija kwako wanalia, huwaulizi kafa nani. Akatupa ungo, akalia kuwapita wote. Majirani wakamiminika. Katikati ya kilio akanisogelea, akaninong'oneza: Otto, ni nani? Nikasema Nduna. Akafikiri kidogo. Akasema hao watakuwa ukoo wa baba yako, hawajawahi kuniambia kitu. Akaendelea kulia.

Wakafika Lidwina na baba yake, Mzee Kajetani, katekista. Sijamaliza kumwamkia shikamoo, Muhsini huyo! Amevaa sweta langu, ufagio begani kama mkuki. Akalala kizingitini. Hapiti mtu mpaka yeye apewe kuku. Watu wakafurahi, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani.

Kisha akafungua kinywa. Akasema wajinga nyie, mnamlilia nani? Marehemu hana hata mwili! Aliishi Kijiji Pepe, kaliwa na simba wa kompyuta, na huyu Otto ndiye aliyemfungulia huyo simba ili amkimbie mke wake Zuhura!

Ukweli mtupu, neno kwa neno. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Notburga akafuta machozi, akasema kwa uongo Wayao hawana mpinzani. Mama akampa kuku.

Nimeokoka! Ila Lidwina hakucheka. Na Mzee Kajetani, ambaye sikio lake moja si zima, alisikia kijiji cha pepo.

Jumapili, 12 Septemba

Kikao cha mahari. Mzee Kajetani akafungua kwa sala ndefu, kisha akasema binti yake haolewi na mtu mwenye mke wa kijini. Nikajitetea: si pepo, baba, ni pepe, kama barua pepe. Akasema hata hizo barua amezisikia, zinakuja bila bahasha wala mpelekaji. Akauliza kama huyo mwanamke anaonekana. Nikasema kwenye kioo tu. Ana mwili? Hapana, baba. Anakujia usiku? Hapana, jioni, nikitoka kazini. Akawatazama wazee kama hakimu aliyemaliza kesi.

Lidwina akaniita nje. Akasema kompyuta anazijua, na anajua si pepo. Afadhali angekuwa pepo, angefukuzwa kwa maji ya baraka. Akauliza: huyo Zuhura unamwuliza ameshindaje? Nikasema kila siku. Akasema mimi hujaniuliza tangu Pasaka.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikaapa. Nduna amekufa, sikanyagi tena kwa Muhsini. Akafikiri sana, akaingia ndani kumtuliza baba yake. Tangazo la kwanza la ndoa yetu litasomwa kanisani Jumapili ijayo, misa ya kwanza. Nikae naye benchi moja, mbele ya watu wote. Nisipoonekana, amesema, hakutakuwa na tangazo la pili, na posa yangu itarudishwa.

Nikamwuliza ameshindaje. Akatabasamu kidogo.

Nimepona! Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimepita kwa Muhsini. Kwa ajili ya sweta tu. Sweta lilikuwa juu ya kompyuta. Kompyuta ilikuwa inawaka.

Kijiji bado kiko matangani. Na naona nini? Egidi ametangaza kwamba marehemu hakuacha ndugu, kwa hiyo yeye Mganga Mkuu atamrithi mjane pamoja na ng'ombe. Ng'ombe wangu! Nani kasema Nduna hana ndugu? Tangu lini mjane akarithiwa na mwomba chumvi? Mjane anarithiwa na mdogo wa marehemu! Hili si suala la mapenzi, ni suala la mila.

Nimejisajili upya. Jina: Nduna Mdogo. Nimefika leo kutoka safari ya mbali. Nikalia kiasi mlangoni. Zuhura akaandika: karibu shemeji, maneno yako kama ya marehemu.

Nikamwuliza ameshindaje.

Kikao cha kurithi ni Jumapili asubuhi. Najua, ni saa ya misa ya kwanza. Nimelipima jambo hili kwa utulivu, kama msomi. Tangazo la ndoa husomwa kwa jina. Jina langu litakuwepo kanisani. Mwili wa nini? Lidwina ni mwelewa.

Ukinihitaji siku hiyo, usije nyumbani, mama bado anapokea wafiwa wa upande wa baba. Ofisini usiniulizie, Bibi Notburga ataanza kulia upya. Nenda kwa Muhsini, kaa kompyuta ya dirishani, ingia Kijiji Pepe. Pita kisima. Nyumba ya kwanza yenye ng'ombe. Usiniite Otto. Piga hodi, uulizie shemeji.

Na ukikutana na Lidwina anatoka kanisani, mwulize ameshindaje. Kwa niaba yangu.