Bibi Mwenye Kuku Niliyemkata kwenye Video ya Harusi

Leo nimevuliwa nguo mara mbili: hapa kambini Dzaleka asubuhi, mjini Lilongwe mchana. (Shati lilikuwa mwilini muda wote, lakini halikunisaidia.)

Mnajua kazi yangu. Unaniletea kaseti ya kamera, nakutolea diski. Mama Riziki, jirani yangu, aliniletea ya harusi yake ya kule kwao Uvira. Ndicho kitu pekee walichotoka nacho vita vilipowafukuza. Ilivuka ziwa ikiwa imeviringishwa ndani ya kitenge! Aliomba iingie kwenye diski moja, ili binti yake Riziki, aliyezaliwa hapa kambini, aione.

Tatizo, harusi ilikuwa ndefu na diski ni fupi. Ningeweza kubana faili, lakini ukibana sana, sura za watu zinakuwa kama uji uliomwagika. Na mimi ni msanii (chekeni polepole). Nikaamua kukata. Mahali pa kukata palionekana wazi: ule mstari wa watu wanaoleta zawadi, wakicheza taratibu, mmoja mmoja. Huyu na sufuria, yule na kitenge, bibi mmoja na kuku. Huyo bibi na kuku wake walichukua muda mrefu kuliko mchungaji. Kwaheri bibi. Kwaheri kuku.

Basi asubuhi ya leo majirani wamejaa, mabenchi yametolewa kanisani, deki imewaka. Nikatoa na hotuba, jamani, kuhusu ufundi wa kupunguza faili. Nikapigiwa makofi. Video ikaenda: kanisa, pete, keki, mwisho.

Mama Riziki hakupiga makofi.

"Mama yangu iko wapi?" akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao Uvira.

"Mama yupi?"

"Ule mwenye kuku."

Nikaeleza kwamba ile sehemu ilikuwa inajaza faili bure, lakini maharusi nimewaacha wote wawili, wazima kabisa.

"Bibi arusi njo mimi," akasema. "Niko apa. Najiona kila siku mu kioo. Mama alibakia kule, alikufa mu vita, na picha yake hatuna hata moja. Riziki iko na jina yake, na hajamuona hata siku moja."

Mabenchi yote yakanigeukia. Nikasema hakuna shida, kaseti ipo, narudia kazi. Halafu nikakumbuka kaseti iko wapi.

Hapa kambini hatuna kamera inayosoma kaseti zile. Huwa naazima kwa bambo mmoja (ndivyo huku wanavyomwita mzee) mwenye duka Lilongwe, mpiga video za harusi. Kaseti tupu siku hizi hazipatikani, kwa hiyo nilimwachia ile iwe asante yangu, arekodi juu yake. (Ndiyo. Niligawa harusi ya mtu. Kwangu lilikuwa ganda tu, ndizi imeshaliwa.)

Na leo ni Jumamosi. Siku ya harusi!

Tukapanda gari la Lilongwe, mimi na Mama Riziki. Dukani tukaambiwa bambo yuko Kauma, mtaa wa hapo hapo mjini, anarekodi harusi.

Kauma tukakuta ukumbi umefurika. Watu wako kwenye perekani, ile desturi ya huku ya kwenda mbele kucheza na kuwarushia maharusi noti. Bambo yuko katikati, kamera begani, taa nyekundu inawaka. Sikufikiri. Nikapenya kati ya wachezaji nikaziba jicho la kamera kwa kiganja changu.

Muziki ukazimwa. Ukumbi mzima ukanitazama, mimi na viatu vyangu vya vumbi. Bambo akauliza kama nina wazimu. Kwa Kichewa changu kibovu nikamjibu kwamba ndani ya kamera yake kuna bibi na kuku. (Fikiria wewe ni mgeni mwalikwa, unasikia hayo.)

Nikamweleza tena, polepole. Bambo akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kaseti yetu. Haijaguswa. Ilikuwa inasubiri zamu, na ile iliyokuwa ndani ya kamera ilikaribia kuisha.

Nilitaka kukaa chini nilie. Lakini mshereheshaji hakuniachia: aliyekatiza perekani hatoki bila kutoa. Muziki ukarudi, nikacheza, nikarusha nauli yetu ya kurudi, yote. Nilipogeuka, Mama Riziki alikuwa nyuma yangu. Anacheza taratibu, mikono yote miwili mbele, kama mtu aliyebeba kuku. Hapo machozi yalinitoka kweli.

Sherehe ilipoisha, bambo akaweka kaseti yetu, akamwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Mama Riziki akainama, akatazama muda mrefu.

"Njo ule," akasema. Basi.

Bambo akatulipia nauli. Nimemwambia zikomo, asante ya huku, mpaka akanichoka. Kesho natoa diski upya, hata zikiwa tatu, na kuku aingie na manyoya yake yote.

Ila sasa nimo kwenye video ya harusi ya watu nisiowajua, naziba kamera, nalia, narusha nauli. Nilimsihi bambo: akitaka kupunguza faili, aanze na mimi. Amekataa. Anasema Mama Riziki amemkataza kukata mtu.