Udongo Wangu Unanitumia Ujumbe

Jumatatu, 7 Julai 2025. Ulyankulu.
Pampu imefungwa kisimani kwangu! Paneli ya sola na betri bandani, mipira ya matone hadi kwenye kila mche wa kitunguu. Fundi Idrisa kavileta vyote kutoka mjini, Kanyenye. Kijiti kimechomekwa ardhini: udongo ukikauka, kinawasha pampu chenyewe na kunitumia ujumbe. Nitatumia nusu ya maji. Jirani yangu Apolinaria, mjane, anamwagilia kabichi kwa keni. Nilimweleza, kila mtu upande wake wa ua, kwamba robo tatu ya maji yake inapotea bure. Akasema kabichi hazijalalamika. Wivu.

Jumanne, 8 Julai
Simu ikalia jioni. "Udongo umekauka. Pampu imewaka." Nikausoma mara tatu. Mwezi uliopita nilipata jumbe arobaini na moja: thelathini na nane za kampuni ya simu, mbili za parokia, moja ya binti yangu Stela. Tena huo aliukosea, ulikuwa wa rafiki yake. Nikakijibu kijiti: Asante, nimepokea. Ustaarabu tu.

Alhamisi, 10 Julai
Kimya. Mtambo unafanya kazi vizuri mno. Udongo una unyevu, hauna la kusema. Kwa Apolinaria wanakwaya wamepita kuchota maji, wakakaa, wanacheka. Nilitaka kwenda. Lakini mwanamume hapigi hodi kwa mjane bila sababu, nami sababu sina. Kwangu kila kitu kinajiendesha.

Ijumaa, 11 Julai
Nimepata akili! Nimekichomoa kijiti nikakichomeka kwenye kopo la majivu makavu. Sasa ujumbe haukatiki. Nimeshinda na simu kifuani kama mtu mwenye ndugu wengi. Nje nasikia maji yanatiririka. Sauti nzuri, inabembeleza.

Jumamosi, 12 Julai
Nilisahau kwamba kijiti kikilalamika, pampu huwaka. Kisima kimebaki tope. Vitunguu vinaelea. Maji yamevuka ua na kulaza kabichi za Apolinaria! Akaja na jembe, kanga kiunoni. Akauliza kijiti kinatafuta nini kwenye majivu. Nikasema ni utafiti. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Tukachimba mfereji pamoja hadi jua likakolea, akinisimulia habari za kijiji kizima, kumbe watu wanaoa na kuhama mimi sijui. Alipomaliza akaniachia bakuli la matobolwa, viazi vyake vya kukausha, akasema:
"Baba Stela, ukitaka mtu wa kuongea naye, mlango wangu ule pale. Njoo hata mikono mitupu."

Jumapili, 13 Julai
Nimeyatafakari maneno yake misa nzima. Ni wazi mama huyu amevutiwa na teknolojia. Hesabu haidanganyi: mafuriko mara moja, mgeni mmoja. Kilichobaki ni kupunguza maji.
Kisima kimejaa tena. Nimeandikisha namba yake kwenye mtambo, ujumbe umfikie moja kwa moja. Kijiti nimekirudisha kwenye majivu. Koki ya mpira mkubwa utokao kwenye pampu nimeifunga kwa mkono, safari hii tone halitoki. Nimepanga viti viwili, matobolwa katikati.
Mlango wake nauona kutoka hapa. Uko wazi.
Pampu inanguruma kuliko kawaida na mpira umevimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Dalili nzuri. Atakuwa amekwisha kuupata ujumbe.