Risiti ya Shamba la Moiben

Jumatano, 26 Mei 1971
Kampuni yetu ya wanahisa inanunua shamba la Mzungu kule Moiben. Hisa moja ni shilingi mia tano. Nimeshalipa mia nne, pamoja na pesa za ng'ombe wa mke wangu, Leonida. Mia moja sina, na daftari linafungwa kesho kutwa! Kibet, mwenzangu ghalani, hukopesha hadi mshahara: kumi hurudi kumi na mbili. Watu humsengenya. Mimi nimemwona mkombozi. Amenipa mia. Risiti ya hisa ataishika yeye. Nisipomaliza deni kufikia mwisho wa Juni, hisa ni yake. Nimetia sahihi. Sahihi nzuri sana.

Jumatatu, 31 Mei
Mshahara! Mia na sitini. Ningemaliza deni leo, lakini akili ni ya nini? Nimempa Kibet riba tu, ishirini. Kwa Abdi dukani nimenunua mablanketi kumi, kwa mia na ishirini. Baridi ya Julai inakuja. Abdi alinishauri nimlipe Kibet kwanza, mablanketi nichukue kwa mkopo. Dini yake haimruhusu kula riba. Nikakataa. Mtu anayekopesha bila faida lazima ana jambo lake.

Jumamosi, 12 Juni
Moiben. Wakulima wameyapenda mablanketi, ila hawana pesa mpaka wavune. Nimewakopesha yote! Kila moja litarudi shilingi ishirini. Nimerudi mjini nikitembea kama Kibet.

Jumatano, 30 Juni
Mavuno ni Novemba. Sijui kwa nini sikulifikiria hilo. Kodi ya nyumba, karo na deni la unga vimekula mia moja ya mshahara kabla sijafika kwa Kibet. Nimempelekea sitini. Hakuzipokea. Alinionyesha sahihi yangu.

Jumamosi, 3 Julai
Leo wanachama wamepiga kura ya kugawana mashamba kule Moiben. Namba zilitiwa ndani ya kofia. Kibet, kwa hisa iliyokuwa yangu, akachomoa kumi na nne, kando ya mto. Leonida alitazama lile shamba kwa muda mrefu, kisha akaniambia polepole:

“Baba Nabwire, ulienda kutununulia shamba. Umetununulia mwenye shamba.”

Niliona aibu, nikakosa pa kuangalia. Njiani nikawaza: je, Kibet alinisaidia au alinimaliza? Bila mia yake, kampuni ingenirudishia mia nne zangu. Lakini siku ile hakuna mwingine aliyenifungulia mlango. Baadaye Abdi alinifungulia, nami nikamshuku.

Jumapili, 4 Julai
Kibet si mtu mbaya. Amekubali kunikodisha ekari moja ya namba kumi na nne, nilime kabichi. Leonida atafurahi! Kodi ni shilingi mia, mkononi. Nilizo nazo ni sitini. Kibet ameniongezea arobaini, hadi mshahara.

Nimetia sahihi. Inazidi kupendeza.